Wali wa Kupalia

Mlango wa kabati uliobaki ulining'inia kwa bawaba moja, na kila lori lilipopita barabarani uligonga ukuta mweusi. Zuena aliufunga kwa kipande cha kamba. Harufu ya gundi iliyoungua ilikuwa imeng'ang'ania kwenye masufuria, na wateja walishaanza kuinusa kwenye chakula. Mdogo wake Mwamvua aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono umefungwa bandeji hadi kiwikoni, akichambua mchele kwa mkono mmoja.

Jiko lilikuwa jipya, la tangu mwezi wa Rajabu. Fedha zote za ufuta wa shamba la marehemu mume wa Zuena ziliishia humo. Duka la Nurdini, pale karibu na stendi ya Ikwiriri, ndilo lililolichora kwenye kompyuta, likauza makabati, likaleta mafundi. Zuena alisema mapema kwamba yeye wali anaupalia: makaa chini, makaa juu ya mfuniko, mpaka ushike ukoko pande zote mbili. Bila hivyo wateja wake wangehamia kwa jirani. Nurdini alimwambia asiwe na wasiwasi, na siku hiyo hiyo akala sahani nzima akaomba ukoko wa kuongezea. Kisha mchoro wake ukaweka kabati juu ya meko, karibu mno, kabati la unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ili kufunua sufuria ilibidi mtu aingize kichwa na mkono chini yake.

Mwamvua alikuwa ameingiza mkono siku kabati liliposhika moto na kudondoka.

Shauri la Zuena lilisikilizwa dukani kwa Nurdini, maana Mshamu, mwenyekiti wa wafanyabiashara, alisema kwake hakuna feni. Alikaa kwenye sofa la kuuza, bado limevikwa nailoni, soda mkononi. Nyuma yake, ukuta mzima, lilitundikwa bango la tangazo: Zuena mwenyewe, kanga mpya, akicheka mbele ya makabati meupe. Walimpiga picha ile siku ya kukabidhiwa jiko. Hakujua ilikwenda wapi.

Alieleza anachotaka. Jiko lijengwe upya kwa namna inayopikika, na mkono wa Mwamvua utibiwe.

"Shangazi, jiko la kisasa hilo," Nurdini alisema kwa upole. "Nani alikutuma uweke moto juu ya sufuria?"

"Nilikwambia naupalia. Na wewe uliula."

Nurdini alimtazama Mshamu. Mshamu aliweka soda chini, akajifuta midomo.

"Bi Zuena, hapo unapopikia ni hifadhi ya barabara. Mimi ndiye ninayewazuia watu wasije kubomoa. Wakija kukagua habari za moto, nitawazuia kwa lipi?"

Yule ambaye Zuena alimwendea kutafuta haki ndiye aliyeshika paa lake. Alitaka kuwatukana wote wawili, lakini alimkumbuka Mwamvua na ndoo yake.

Nurdini alisema duka halikukosea, kwa hiyo fidia haipo, ila ubinadamu upo. Bango lile walikuwa wanalibadilisha. Turubai gumu, mvua haipiti. Akaamuru lishushwe, likunjwe, apewe.

Zuena alisema halitaki. Mshamu akamwambia achukue, ayamalize. Akalichukua.

Ijumaa mvua ilianza kabla ya swala. Ndani hapakuwa na pa kupikia, boriti zilikuwa zimeliwa na moto, kwa hiyo walifunga bango kwenye nguzo za uani na kuinjika wali chini yake. Nguzo zilikuwa fupi. Picha ilitazama chini, kanga mpya, meno yote nje.

Simu ililia. Mshamu alitaka sahani mbili zipelekwe dukani, yake na ya Nurdini, ukoko usisahaulike.

"Niuwekee makaa?" Mwamvua aliuliza, akitazama juu.

"Weka."

Akamwaga makaa juu ya mfuniko kwa mkono wake mzima. Mvua ilizidi kupiga turubai. Moshi ulipopungua, Zuena aliinua macho akauona uso wake kwenye bango umeanza kujikunja kwa joto, kuanzia kidevuni, bado unacheka.