Kidonge cha Maji

Mashuka ya hoteli yalikuwa sitini na mawili asubuhi ile. Kila alipokunja moja, mwanamke dobi aliweka pasi pembeni na kuandika nyuma ya karatasi ya sabuni: saa kumi na mbili, basi linaondoka. Saa kumi na mbili na nusu, choo. Saa moja, choo. Saa moja na nusu, choo.

"Unaandika nini, shoga? Wosia?" mwenzake akamtania.

"Safari ya baba."

Baba yake, seremala aliyeacha kazi, moyo wake ulikuwa umechoka. Kila asubuhi alimeza vidonge vitano. Kimoja, kile cheupe, kilimtoa maji mwilini; akishakimeza, hadi saa nne hivi alikuwa mtu wa kwenda chooni na kurudi. Bila hicho, maji yalimjaa miguuni, kisha yakapanda kifuani. Hospitali yenye kipimo cha moyo ilikuwa mwendo wa saa kumi kwa basi, na tarehe ya kipimo walikuwa wameingoja miezi saba.

Mchana binti alienda kukata tiketi.

"Dada, hili basi, si ambulensi," alisema mkata tiketi, macho kwenye simu. "Tunasimama mara moja, dakika kumi. Kula humo, choo humo."

"Hata mgonjwa akiomba?"

"Dereva akichelewa anakatwa mshahara. Utamlipa wewe?"

"Baba yangu hawezi kujizuia mkojo!"

Ilimtoka kwa sauti kuliko alivyokusudia. Foleni nzima ikageuka. Kisha mtu akacheka kule nyuma: "Si mumvishe nepi!" Mkata tiketi naye akacheka, akampa viti vya nyuma kabisa.

Nepi alinunua kweli. Alimkuta mzee anapaka viatu rangi kwa ajili ya safari, akamwekea pakiti pembeni, akajifanya anatafuta kitu kabatini. Baba aliigeuzageuza ile pakiti kama mbao yenye ufa.

"Mwanangu," alisema, "wewe ulinikojolea mgongoni mpaka ukaota meno. Hilo ni sawa. Mimi nikukojolee wewe, tena mbele za watu? Hapana. Bora nisiende."

"Utaenda, baba. Nitajua la kufanya."

Alichofanya ni hiki: siku ya kuamkia safari alimtilia mzee kiganjani vidonge vinne badala ya vitano. Siku ya safari, vinne tena. Kile cheupe alikifunga kwenye pindo la kanga. Baba alitazama kiganja chake, akamtazama bintiye, akameza.

Ndani ya basi mzee alitulia, hata akatania malori yaliyopakia mbao waliyopishana nayo: "Hizo mbichi, zitapinda." Basi liliposimama alishuka kama wengine, akarudi kama wengine. Binti akajiona mjanja. Ilipofika saa nane, baba aliinama kulegeza kamba za viatu. Saa tisa alivivua kabisa. Miguu ilikuwa imevimba na kung'aa.

Asubuhi iliyofuata, kwenye nyumba ya wageni, binti alimkuta mzee ameketi kitandani anahema. Hakuweza kulala chali. Akampa kile cheupe haraka haraka. Maji yalikuwa yameshafika kifuani.

Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alibonyeza mguu wa mzee. Kidole kikaacha shimo.

"Hali hii hatuwezi kupima. Tunakulaza, tukikausha maji unarudi nyumbani. Kipimo, utapangiwa tarehe nyingine. Mzee, dawa ya maji unakunywa?"

Binti alifungua kinywa.

"Nilisahau," akasema baba. "Siku mbili. Uzee, daktari."

"Ndiyo maana mnakufa, halafu mnalaumu hospitali." Daktari akaandika, akitamka: "Mgonjwa hafuati masharti ya dawa."

Muuguzi akamsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu. Binti alifuata hadi kwenye korido, ameinamisha kichwa.

"Baba, ulijua?"

"Maisha yangu yote nimehesabu misumari, nishindwe vidonge vitano?" Alipumua kwanza. "Ungesema, angekutukana mbele yangu. Mimi nimeshazoea."

Binti alisimama pale mpaka kiti kikapinda kona. Kisha akarudi, akasukuma mlango wa daktari bila kubisha hodi. Mgonjwa mwingine alikuwa ameshaanza kuvua shati.

"Daktari, baba hakusahau. Ni mimi nilimnyima. Futa hayo uliyoandika. Andika mimi. Na andika basi halisimami."

Daktari alimtazama, akaivuta ile fomu, akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma.

"Dada," alisema, safari hii bila ukali, "hapa kuna sehemu ya mgonjwa na sehemu ya dawa. Basi nitaliandika wapi?"

Binti hakutoka. Alisimama kando ya meza, mikono yake iliyochubuliwa na sabuni imeshika ukingo, mgonjwa aliyevua shati akimwangalia, mpaka daktari akachukua tena kalamu.