Babu wa Sarafu Tatu

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema kabla sijasemewa. Mimi ndiye niliyemwonyesha mama yake fundi wa fremu lile tangazo. Nina duka la kutoa kopi ubavuni mwa karakana ya fundi, na mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Nilikuwa napekua simu yangu kwenye soko la mtandaoni, nikaona uso ninaoujua, nikapiga kelele, "Mama, njoo! Mzee wako amekuwa maarufu!"

Tangazo lilikuwa la sarafu kuukuu. Ilikuwa imeegemezwa kwenye picha ya marehemu mumewe, ileile aliyoitundika sebuleni: mzee amesimama kando ya mizani ya ghala, penseli sikioni. Nikalisoma kwa sauti, na madoido juu.

"Sarafu ya urithi. Ilikuwa ya babu yangu mzaa mama, mpima mizani. Kila jioni aliigonga mezani, akasikiliza mlio wake, akatabasamu. Naiuza kwa uchungu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kuanzia hapo nikafyata ulimi, na habari iliyobaki ni ya fundi, maana ndiye aliyeangukiwa nayo kichwani.

Fundi alikuwa anakata ubao wa fremu, ule mkato wa mshazari wa pembeni ambao ukikosea kidogo tu pembe hazikutani. Mama akaingia, akasimama mbele yake bila salamu.

"Baba yako alikuwa na watoto wangapi?"

"Wawili, Mama. Mimi na dada."

"Hao ni wangu. Nakuuliza wake."

Msumeno ukasimama katikati ya ubao.

Alipoliona tangazo, fundi alicheka mpaka akakohoa. Muuzaji alijiita Mjukuu wa Hazina, na jina tu lilitosha kumfanya mtu ashike mfuko wake. Lakini jioni ile alipopita kwa mama, picha ya baba haikuwa ukutani. Ilikuwa juu ya kabati, imelazwa kifudifudi. Miaka kumi na tisa mama yake amekuwa akiisalimu ile picha kila asubuhi na kikombe cha chai mkononi, akiieleza nani kaumwa, nani kazaa, na bei ya mkaa imefika wapi. Sasa ukuta umebaki na mraba mweupe, na mama anakunywa chai yake akiupa mgongo.

"Mama, ni muongo tu huyo."

"Muongo atampata wapi baba yako?"

Fundi akaaga. Akaenda kumchimba muuzaji mtandaoni, na asubuhi mama alipopita karakanani akamkimbilia, simu juu kama kikombe cha ushindi. Alikuwa amepata sarafu nyingine mbili, uso ni uleule! Kwenye ya pili babu alikuwa mpishi wa meli, akalipwa sarafu hiyo na nahodha aliyeshiba. Kwenye ya tatu alikuwa mpiga tarumbeta, akatupiwa jukwaani.

"Unaona, Mama? Hawezi kuwa wote watatu!"

Mama akazitazama moja moja, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua.

"Kumbe na melini alipanda," akasema taratibu.

"Mama!"

"Nyumba tatu, na kila nyumba kaiambia kazi yake. Mimi nikapewa mizani." Akamrudishia simu. "Hilo tarumbeta ndilo limeniuma. Kwangu hata filimbi hakupiga."

Fundi akakaa kwenye kigoda. Alikuwa ameleta ushahidi wa kumtoa baba yake, na kumbe ndio umemzamisha. Akaona dawa ni moja tu: ampigie muuzaji, aweke spika, mama asikie kwa masikio yake.

Simu ikaita mara nne. Akapokea kijana mwenye sauti ya asali.

"Karibu sana, bosi. Unapenda ipi?"

"Sinunui. Huyo mzee kwenye picha ni nani?"

"Babu yangu mzaa mama, Mungu amrehemu."

"Sikiliza, bwana mdogo. Huyo ni baba yangu mzazi."

Fundi akamkonyeza mama yake: sasa hivi anakiri.

"Ala!" sauti ikalipuka. "Basi wewe ni mjomba wangu! Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba," fundi akaitikia. Lilimtoka lenyewe, mazoea ya maisha mazima.

"Na bibi yupo? Hajambo? Mjomba, kwa kuwa ni damu, nakupunguzia nusu bei."

Mama akainuka, akachukua mtandio wake, akatoka. Fundi akabaki na simu mkononi, hajui aitukane au aiulize familia haijambo. Kwa dakika nzima, alinieleza baadaye, alijikuta anapiga hesabu kwamba kama huyu ni mpwa wake, basi ana dada mwingine mahali fulani, na huyo dada anafanana na nani.

Ndipo macho yake yakaangukia rafu ya fremu za kuuza.

Fremu tupu hainunuliki. Mteja anataka aone itakavyokaa na mtu ndani. Wenzake huweka maua, au sura za watu wasiojulikana. Yeye alikuwa ametoa kopi ishirini za picha ya baba, dukani kwangu hapahapa, akaweka kila moja kwenye fremu yake. Na fremu ikiuzwa, baba alikwenda nayo.

Akamfuata mama yake mbiombio, akamweleza yote.

"Ulimuuza baba yako?"

"Niliuza fremu, Mama. Yeye alikuwa ndani tu."

"Haya. Kijana alinunua fremu. Na habari ya kugonga sarafu mezani aliijuaje? Picha haisemi."

"Hilo lilikuwa kweli," fundi akasema. "Hata mimi namkumbuka. Akigonga, ting, halafu anatega sikio."

"Wapi?"

"Kwenye meza yetu ya chakula."

"Meza yetu ilikuwa na kitambaa cha plastiki, na chini yake blanketi la zamani, kwa sababu wewe na dada yako mlikuwa mnaikwaruza. Sarafu ingelia ting wapi? Mimi sikuwahi kumwona akigonga. Aligonga kwa nani?"

Ule mlio fundi alikuwa nao masikioni, safi kabisa. Lakini sasa, kila akijaribu kumwona baba akigonga, alimwona akiwa karakanani kwake, kwenye meza ya kukatia vioo, na baba alikufa kabla karakana haijafunguliwa. Halafu akajisikia yeye mwenyewe, anamfungia mteja fremu kwenye gazeti: huyu ni mzee wangu, mpima mizani, alikuwa na masikio bwana, akigonga sarafu mezani anakwambia uzito wake. Wateja walipenda. Kila mteja alimwongezea mzee kidogo. Alianza lini? Je, kulikuwa na tone la ukweli, au lote lilikuwa la kuuzia fremu?

"Mama, nadhani mimi ndiye niliyemgongesha."

"Unadhani?"

"Sikumbuki vizuri."

Mama akamtazama kwa macho yale yale aliyokuwa akimtazamia akirudi shuleni bila daftari.

"Wewe unaweza kusema lolote kumtetea baba yako. Yule kijana aseme mwenyewe alikotoa. Hapo nitamrudisha ukutani."

Fundi akapiga simu. Haikupokelewa. Akaandika ujumbe, vitiki viwili vikageuka buluu, basi. Akaandika wa pili. Sarafu ya tarumbeta ikaandikwa imeuzwa. Mama alikuwa amekaa pembeni yake, mikono mapajani, anaitazama simu kama anayesubiri kuitwa kwenye dirisha la hospitali.

"Mwandikie tena," akasema. "Mwandikie vizuri."

Fundi akafuta jasho kwenye kioo cha simu, akaandika wa tatu, polepole, kwa kidole kimoja:

"Mpwa wangu, au yeyote uliye. Sarafu uza, na babu baki naye kama unamhitaji. Nakuomba kitu kimoja. Mwambie mama yangu ulinunua fremu kwangu, na habari ya kugonga sarafu uliisikia kutoka mdomoni mwangu. Dakika moja tu, kwa sauti yako. Yuko hapa. Tafadhali piga."