Kisawe cha Muhimu

Rahab, jirani yetu wa ploti, anasema barua yangu ilifungiwa maini. Anasema Januari ile ya 1998 alinunua nusu kilo kwa bucha ya Simel, akafika nyumbani, akafungua gazeti, na ndani yake kukawa na karatasi nyeupe yenye muhuri na jina langu kwa taipu: Naserian. Nilikuwa ninaitwa sekondari ya wasichana, niripoti tarehe ishirini na sita. Damu ilikuwa imekula mahali pa kutia sahihi. Rahab anasema aliirudisha mbio, akamwambia ni ya shule yangu, na Simel akaitazama, akasema, "Hiyo? Haina maana," akaitupia mbwa.

Habari hiyo Rahab alikaa nayo miaka minne, mpaka siku Simel alipompimia mifupa badala ya nyama. Hapo ndipo alipokumbuka kuniambia.

Simel ni baba yangu mdogo. Baba alipokufa yeye ndiye alibaki na sanduku la posta, na barua zetu zote zilipitia mkononi mwake. Mwaka ule nilimuuliza kila wiki. "Haijafika, entito ai," msichana wangu, ndivyo alivyonijibu, na mimi nikachunga mbuzi wake nikingoja. Baadaye nikajifunza kushona. Sasa niko na cherehani kwa baraza ya Rahab, hapa Kitengela, na kila Januari nashona yunifomu za wasichana wa sekondari. Nawapima mabega, nawaambia wageuke.

Rahab aliponiambia sikulia. Nilisema tu, asante mama. Simel hajui kusoma, na watoto wake bado wako nasari. Nilijua siku moja karatasi itamleta.

Ilimleta Agosti 2003.

"Takwenya," akanisalimu Kimaasai.

"Iko," nikaitikia.

"Nisomee hii. Polepole, na usipige kelele watu wasikie."

Ilitoka kwa kamati ya ranchi, ile iliyokuwa ikigawa ardhi yetu upande wa Kajiado. Simel alikuwa ametengewa kipande chenye kisima. Barua ilisema ni muhimu mwanachama afike mwenyewe Kajiado, Jumanne tarehe kumi na mbili, na kitambulisho, akithibitishe. Kwamba asiyefika angepewa masalio, hilo lilisemwa kwa mkutano, na Simel hapendi mikutano.

Nikamkumbuka Mwalimu Githinji, darasa la saba, siku ya visawe. Alituandikia *muhimu* ubaoni, tumtafutie ndugu zake. Wengine wakataja ya maana, ya thamani, yenye uzito. Mimi nikasema adhimu. Akanipa alama, lakini akatikisa kichwa. "Ni ndugu, ila hawalali kitanda kimoja. Muhimu inakuamsha. Adhimu inakukalisha, uvae koti."

Nikasoma: "Kufika kwako ni jambo adhimu."

"Adhimu ni nini?"

"Ni kubwa, baba mdogo. Ya heshima. Kama mgeni anayeitwa kukata utepe."

Akavuta kofia nyuma. "Kwa hivyo ni lazima niende?"

"Mtu wa heshima analazimishwa na nani?"

Alicheka mpaka akapiga cherehani yangu kofi. Jumanne hiyo alikuwa na ng'ombe wa kuchukua Kimuka. "Basi wanisalimie hao kamati," akasema. Akaitia barua kwenye nailoni, akatembea nayo mfukoni wiki nzima. Nilimwona buchani akiwapungia wateja. "Barua adhimu! Wewe umewahi kuandikiwa adhimu?" Hakumwachia mtu aishike. Mimi nilihesabu siku. Jumatatu jioni alipita hapa mbele akipiga mluzi, na ulimi wangu ulikuwa huru, hakuna aliyeufunga. Nikamwambia safari njema ya Kimuka.

Jana saa sita mchana alikuja bila kofia. Ameshika nyasi mbichi mkono wa kulia, ameziinua. Kwetu Wamaasai mtu akikujia na nyasi mkononi ameshajishusha, hata vita huachwa.

"Karani amenisomea," akasema. "Imeandikwa muhimu."

"Ndiyo."

"Wewe ulisema adhimu."

"Ni visawe. Uliza mwalimu yeyote."

"Usinichezee, msichana! Kisima kimepewa mtu mwingine. Mimi nimepewa kilima cha mawe, hata mjusi amekihama!"

Nikasimamisha gurudumu. "Maini ya Rahab uliyafungia nini?"

Aliangalia mlango wa Rahab, akaangalia chini. Hakuuliza maini gani.

"Baba yako alikuwa ameacha mbuzi sitini," akasema mwishowe. "Ungeenda shule, nani angechunga?"

"Ungeniambia hivyo. Ningelia nikanyamaza. Mwaka mzima nilikuuliza."

"Nilikosa. Nimesema nilikosa, na nyasi unaziona." Sauti ilimshuka. "Ijumaa kamati inasikiza malalamiko. Wanasema nimlete aliyenisomea, akubali mbele yao kwamba neno alilibadilisha. Wakisikia hivyo watanirudishia kisima. Useme hilo tu. Naserian, jina lako lenyewe ni amani. Na ng'ombe hawakukukosea, hata kama mimi nilikukosea."

Rahab alikuwa ametoka na sufuria mkononi, akasahau kumwaga maji. Nilikata uzi kwa meno. Nikaupitisha kwenye sindano mara ya kwanza. Mbele yangu kulikuwa na sketi ya buluu, bado pindo.

"Utakuja Kajiado?" akauliza.

Nikakanyaga pedali, gurudumu likaanza tena.

"Naserian. Utakuja?"