Kipa Aliyekatwa Pichani

Hesbon aliwaita wenzake wa jikoni waje waone. Klabu ya mpira wa mikono aliyoidakia Austria misimu miwili kabla ya kuja Dubai ilikuwa ikisherehekea miaka themanini katika hoteli ya Al Rigga walikofanya kazi, Januari 2007. Historia yake ilioneshwa ukutani kwa picha: waanzilishi wenye masharubu, uwanja wa nyasi, kisha timu iliyopanda daraja. Mwisho wa mstari, pale Hesbon alipokuwa amepiga goti siku ile, picha ilikuwa imekatwa.

"Na wewe uko wapi, kipa?" Fridah akacheka. "Ama ni wewe ulikuwa unapiga picha?"

Penalti ya mwisho ya mechi iliyowapandisha daraja aliizuia kwa uso, meno mawili yakamtoka. Akamwendea mwenyekiti wa klabu. "Sir, mbona mmenikata?"

"Aa, Hesbon!" Mzee akamkumbatia. "Picha ilikuwa pana mno, rafiki yangu." Akampa jezi mpya yenye jina la mdhamini.

Hesbon aliitazama kana kwamba amepewa tambara la chooni. Akaitumia kufuta bia iliyomwagika mbele ya mwenyekiti, polepole, hadi meza ikakauka, kisha akamwachia jezi hiyo kwenye sahani yake.