Nyuzi Sitini na Saba

Nilikuwa nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo chanzo cha yote, na nikilificha mtadhani mimi ni mwongo wa kuzaliwa.

Mume wangu alifanya kazi ya kuonja bia kiwandani kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa akiinamisha pua kwenye glasi, anakwambia tangi lipi, zamu ya nani, na nani aliosha mabomba kwa uvivu. Kisha akapata mafua, haya haya ya kila mtu. Yakamlaza wiki mbili, na alipoinuka pua ilikuwa imekufa, ulimi nao ukaifuata. Tukasubiri mwezi, tukasubiri miezi sita. Mpaka leo kitunguu kinaungua mbele yake na yeye anasoma gazeti.

Aibu ikamla. Kiwandani aliaga kwa kusema goti limeharibika. Goti! Mtu anayepanda ngazi mbili mbili akidhani simwoni. Lakini tangu siku hiyo, kila akikutana na mtu wa kiwandani lazima achechemee, na fimbo yake inakaa nyuma ya mlango ikisubiri wageni. Mara moja sokoni, mbele ya watu wa kiwandani, alisahau ni mguu gani, akachechemea wa kushoto, ikabidi mimi niseme kwamba maumivu yamehama. Siri hiyo tulikuwa nayo watu wawili tu, na niwaambie, kumbebea mtu mzima goti lisilouma ni kazi nzito.

Binti yetu mkubwa alipoona baba yake anazidi kusinyaa, akamletea sufuria la umeme la kupikia bia nyumbani. Ni pipa la bati linalong'aa. Ndani yake kuna kikapu cha kuwekea kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Chini kuna waya wa moto, na pampu inayovuta maji kutoka chini, inayapandisha kwa bomba la nje na kuyamwaga tena juu ya kimea, yazunguke hivyo saa nzima. Mbele kuna kioo kidogo kinachoonyesha joto. Mume wangu alikipenda kioo kile kuliko alivyowahi kunipenda mimi, na simlaumu. Mtu asiye na pua akipewa namba ya kushika ataishika kwa mikono miwili.

Namba yenyewe ni nyuzi sitini na saba. Alinieleza mara mia. Kimea kikikaa kwenye joto la chini, sukari yote inaliwa na hamira, bia inatoka nyembamba, kali, haina mwili. Joto likizidi, inakuwa nzito na tamu mpaka inachosha. Yeye alitaka sitini na saba, na kioo kilisema sitini na saba, kwa hiyo dunia ilikuwa sawa.

Mimi nashona sare za shule hapa hapa nyumbani, chumba cha pili kutoka jikoni. Jioni ikifika mgongo si wangu tena. Siku bia ya kwanza ilipoiva, aliniletea glasi nikiwa nimebakiza sketi thelathini na mbili za kukunja pindo.

"Ikoje, mama?"

Ilikuwa kama maji ya kusuuzia glasi, halafu mwishoni inakwangua koo. Ningesema hivyo, angevuta kiti. Angeuliza ni wapi kwenye ulimi, mwanzoni au mwishoni, inakaa au inapita. Nilizitazama zile sketi.

"Nzuri," nikasema.

Akafumba macho kwa furaha. Bia ya pili ilikuwa vile vile, na safari hii nikatia chumvi kabisa: "Tena hii imeishinda ile ya kwanza." Mungu anisamehe.

Basi akajiamini. Akampigia simu bosi wake wa zamani, yule aliyemfundisha kazi, ambaye kiwandani walimwita Mzee Povu. Mzee Povu akasema atakuja kuonja Jumapili fulani, wiki nne mbele. Zile mbili zilikuwa zimeshaisha kwa majirani, watu ambao cha bure hawakikosoi. Akaamua kumpikia mpya. Mzee Povu angeonja mara moja tu na kujua kwamba aliyepika hakuonja, na mume wangu angevuliwa nguo sebuleni kwake mwenyewe.

Siku ya kupika alianza asubuhi. Akasaga kimea mara mbili kiwe laini, "sukari itoke yote." Akafungulia pampu mpaka mwisho, "joto lienee haraka." Kioo kikapanda, kikatulia palepale anapopataka. Kisha akakumbuka barafu ya kupozea.

"Natoka dakika kumi. Usifungue mfuniko, mama. Joto linatoka."

Nikafungua. Sijui ni kwa nini, labda kwa hasira ya kuambiwa nisifungue kitu jikoni kwangu. Maji yalikuwa yanamwagika juu kwa fujo, lakini hayazami kwenye kimea. Yanatambaa juu juu, yanaingia kwenye tundu la bomba la katikati, lile la kupunguzia yakizidi, na kurudi chini. Nikachukua mwiko mrefu, nikachimba katikati. Palikuwa pagumu, pameshikana kama uji uliolala. Nikatoa donge, nikalipasua. Ndani, unga mkavu. Nikaliweka kiganjani.

Halikuniunguza.

Nimepika uji maisha yangu yote. Sitini na saba inaunguza. Ule unga wa ndani ya donge ungeweza kumlisha mtoto.

Ningeweza kurudisha mfuniko. Cherehani ilikuwa inanisubiri. Nilisimama pale na donge mkononi, nimechoka hata kudanganya.

Aliporudi nikamwambia, "Mzee, kimea chako kina baridi."

"Kioo kinasema sitini na saba."

"Kioo kinapima maji ya chini. Shika hiki."

Akashika. Akaliminya lile donge, akaona unga. Akaenda kuleta kipimajoto kirefu cha nyama, akakichomeka katikati ya kimea. Sitini. Akachomeka pembeni. Hamsini na tisa. Mtu wa miaka ishirini na sita kiwandani! Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nimekisaga laini mno," akasema taratibu. "Kimejifunga. Pampu inazungusha maji yenyewe kwa yenyewe." Kisha nikaona swali likimjia usoni. "Zile mbili nilipika hivi hivi. Wewe si ulisema nzuri?"

"Zilikuwa mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Nyembamba. Kali. Zote mbili, tangu mwanzo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nimechoka, baba. Nimechoka na sketi, nimechoka na goti lako, nimechoka kukuonea huruma. Neno 'nzuri' lilikuwa fupi."

Akainuka. Alibana koki ya pampu mpaka maji yakawa yanatiririka kidogo tu, akashika mwiko, akaanza kukoroga kutoka chini, akivunja madonge moja moja. Muda mrefu. Hatimaye maji yakaanza kuzama. Akachomeka kipimajoto: sitini na tatu, kisha sitini na tano. Tulisubiri, mimi mlangoni, yeye kwenye ndoo. Kilipofika sitini na saba katikati na pembeni, aliweka muda upya, saa nzima tangu mwanzo. Ilipoisha akachota kijiko, akakipoza, akaninyooshea bila kunitazama.

"Sema kweli."

"Tamu. Inajaza mdomo."

Wiki nne baadaye Mzee Povu akaja, baada ya chakula cha mchana. Mume wangu alimpokea na fimbo yake, akichechemea kwa ufundi. Mgeni akanywa, akanywa tena.

"Kiwandani sikuwahi kumeza bia kabla hujaniambia ikoje," akasema. "Onja, niambie."

Mume wangu aliinua glasi. Nikajua anatafuta uongo, na nikajua mimi simsaidii tena. Akaitua mezani.

"Mimi sionji, mzee. Pua ilikufa na yale mafua. Anayeonja ni mke wangu."

Mzee Povu akanigeukia. "Shemeji?"

"Mwili inao," nikasema. "Ila uchungu unakaa mno kooni. Apunguze."

Mume wangu akatoa daftari, akaandika. Kisha akachukua glasi tatu, akaenda jikoni kuongeza, akarudi nazo zimejaa mikono yote miwili. Fimbo ilibaki imeegemea kiti. Alipokuja kugundua, alikuwa amesimama katikati ya sebule, wima, na Mzee Povu anamtazama miguu.

"Mwaka juzi goti lilikuwa la kulia," Mzee Povu akasema. "Mwaka jana pale sokoni, la kushoto. Nilikuwa nangoja tu lini utachoka."

Mume wangu akaweka glasi mezani, akakaa.

"Nimechoka," akasema.