Treni ya Kwenda Tu

Bi Enid Garside alikuwa mjane wa miaka mingi, Mmethodisti tangu tumboni mwa mamaye, na macho yake hayakumruhusu tena kuendesha gari. Kwenye Bonde la Cawder hayo hayakuwa mambo ya kumhurumia mtu, maana basi namba saba lilikuwepo. Lilipita mbele ya mlango wake kila saa, likiguna kama ng'ombe mzee, likashuka hadi Marrowby, mji ulioko mdomoni mwa bonde. Huko ndiko dada yake Nora alikotunzwa katika nyumba ya wazee.

Akili za Nora zilikuwa zimemtoka kidogo kidogo, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hakumjua daktari, hakumjua mchungaji, na hakukubali kulishwa na mgeni. Sasa kwake kila mtu alikuwa mgeni, isipokuwa Enid. Enid akiketi mbele yake na kijiko, Nora alifungua kinywa. Enid asipokuwepo, alikifunga, na wauguzi wakabembeleza mpaka viazi vikapoa. Kwa hiyo Enid alikwenda kila siku Mungu aliyoijalia, ila Jumapili, kwa kuwa Jumapili hata basi lilipumzika. Siku hiyo wauguzi walimpa Nora maziwa, Enid akampa sala.

Asubuhi alipokuta tangazo limebandikwa kwenye kioo cha kituo cha basi, alidhani ni la paka aliyepotea. Akavaa miwani. Mamlaka ya Uchukuzi ya Kanda, baada ya utafiti wa kina, ilikusudia kuliondoa basi namba saba, kwa sababu bonde lilikuwa tayari linahudumiwa na reli. Wananchi walikaribishwa kutoa maoni yao kwenye ukumbi wa kanisa, na chai ingekuwepo.

Kweli reli ilikuwepo, hakuna aliyebisha. Kila Jumamosi asubuhi treni ya behewa moja ilishuka bonde lote hadi Marrowby, kisha ikarudishwa karakana kwa njia nyingine, mbali na bonde, bila abiria. Wiki nzima haikuonekana tena. Sababu yake hata watoto wa bondeni waliijua. Katika nchi ile, kuifunga reli ni kazi pevu: sheria inataka vikao, inataka kila atakayeumia asikilizwe, inataka waziri atie sahihi yake mbele ya watu watakaompigia kura. Lakini kuitembeza treni tupu mara moja kwa wiki hakuhitaji chochote zaidi ya dereva mwenye subira. Basi, kwa kuwa kuiua kulikuwa na aibu na kuilisha kulikuwa na gharama, wakubwa waliiacha ikokotwe. Mzee Clifford Ramsden, aliyekuwa mwongoza ishara za treni kwenye stesheni mpaka walipozing'oa nyenzo zake, aliiita maiti inayotembezwa ili warithi wasigombane. Basi la barabarani halikuwa na sheria ya kulilinda. Kwake ilitosha karatasi moja kwenye kioo.

Jioni ya mkutano ukumbi ulijaa. Mtaalamu wa Mamlaka, Bwana Adrian Lovelock, mtu wa makamo mwenye tai ya kijani na sauti laini kama siagi, alikuja na gari lake, kwani saa zile hakukuwa na namna nyingine ya kufika alikotumwa kuzungumzia usafiri wa umma. Alitundika ramani kubwa. Reli ya bonde ilichorwa kwa wino mnene wa bluu, nene sawasawa na ile reli kuu ya kwenda London. Kando yake basi namba saba lilichorwa kwa vidoti. Akaeleza kwa upole kwamba vitu viwili visifanye kazi moja, kwamba kanda ina mahitaji mengi, na kwamba maoni ya kila mtu ni dhahabu.

Clifford akanyoosha mkono.

"Bwana mkubwa, hiyo treni umewahi kuipanda?"

"Mimi nafanya kazi na takwimu, mzee."

"Basi zilete hizo takwimu zipande. Viti viko tele."

Watu wakacheka, naye Bwana Lovelock akacheka nao, akionekana mtu mwema kabisa. Ndipo Bi Enid akasimama. Hakuwa na mazoea ya kusimama mahali pale ila wakati wa kuimba.

"Dada yangu hali nisipomlisha mimi," alisema. "Hiyo treni yako itanifikisha kwake Jumamosi. Siku nyingine nani atamlisha?"

Bwana Lovelock akaweka mkono kifuani. Akasema hayo hasa ndiyo maoni waliyokuja kuyatafuta, akampa kikaratasi cha njano na kumwomba ayaandike, akayabandike ukutani penye kichwa cha maneno "Changamoto". Enid akaandika, akabandika. Kikaratasi kilidondoka kabla chai haijaisha, na mtu mmoja akakifutia makombo ya keki.

Sasa watu wa bonde lile ndivyo walivyolelewa: mgeni akija kwako, hata kama amekuja kukuchomea nyumba, hutamwacha aondoke bila chai na asante. Kwa hiyo mkutano ulipokwisha mchungaji akamshukuru mtaalamu kwa kuja kutoka mbali, nao wakampigia makofi. Walipiga vizuri, kwa muda wa kutosha, Clifford naye akiwemo. Wiki chache baadaye taarifa ya Mamlaka ilisema mpango umepokelewa bondeni kwa makofi.

Hapo Clifford akapata wazo. Alilitoa baada ya ibada, amesimama mlangoni kofia mkononi. Wanasema tunayo treni, alisema, basi tuijaze. Waone wenyewe jinsi behewa moja lisivyotosha watu wa bonde zima, na jinsi watu wanavyobwagwa Marrowby bila treni ya kuwarudisha. Wakiona watu wamejazana kama samaki kwenye kopo, wataona haya. Wazo likapendwa na wote. Enid alisita moyoni, maana maishani mwake hakuwa amewaona wakubwa wengi walioona haya. Lakini kumpinga ndugu mwenye furaha mlangoni mwa kanisa aliona si vizuri.

Jumamosi iliyofuata walikwenda kanisa zima, na mikate yao ya nyama na chupa za chai. Kondakta wa treni, aliyezoea kusoma gazeti mwanzo hadi mwisho kwenye safari ile, alipoona umati jukwaani alidhani kumetokea msiba. Wote walikata tiketi. Hakuna aliyefikiria kupanda bure, hata kwa ajili ya kuandamana. Wakaimba njia nzima. Marrowby wakatawanyika madukani, Enid akaenda kwa Nora, na Nora siku hiyo akala pudini yote akakwangua bakuli. Jioni wote wakarudi na basi namba saba. Lilijaa hata wengine wakasimama ngazini, dereva akinung'unika kwamba hajapata kuona kitu kama hicho. Wakafanya hivyo Jumamosi nyingi, kiangazi chote.

Watu wa treni walihesabiwa. Wa basi hakuna aliyewahesabu.

Majani yalipoanza kuanguka, Bwana Lovelock akarudi ukumbini, safari hii uso wote ni meno. Hakutundika ramani. Alileta mchoro wa mstari mmoja uliopanda kama ngazi ya kwenda mbinguni.

"Ndugu zangu, nimekuja kuwashukuru," alisema. "Wako wenzangu waliotilia shaka hii reli. Ninyi mmetuthibitishia kwamba bonde linaipenda treni yake. Uamuzi wa basi umekuwa mwepesi kabisa."

Mchungaji aliinuka, kwa mazoea tu, akamshukuru kwa kuja kutoka mbali.

Clifford alibaki kwenye kiti mpaka taa zikaanza kuzimwa. Enid alipopita akamshika mkono wa koti.

"Nimekuchimbia kaburi, dada."

"Tumechimba wote, ndugu Clifford. Wewe ulikuwa na sepetu kubwa kidogo, basi."

Basi namba saba likatoweka. Wiki za kwanza majirani walimpa Enid lifti kwa moyo mweupe. Baadaye walimpa kwa zamu, na baada ya zamu kila mmoja akawa na miadi ya daktari wa meno. Hakuwalaumu. Hata yeye asingependa kusubiriwa mlangoni kila asubuhi na mjane mwenye mkoba. Teksi ilikuwa ya watu wenye fedha. Zikabaki Jumamosi: anakwenda kwa treni, anamlisha Nora, kisha anatafuta wa kumrudisha, na siku moja alishushwa njia panda akapanda mlima kwa miguu huku mvua ikimpiga ubavuni.

Kila Jumamosi Nora alikuwa amepungua. Pete yake ilianza kumtoka kidoleni, wauguzi wakaivisha uzi na kumtundikia shingoni. Mkuu wa nyumba ile, mama mnyoofu asiyezunguka maneno, alimwambia Enid kwamba hali ikiendelea hivyo Nora atapelekwa hospitali akalishwe kwa mpira wa puani, na kwamba kwa umri wake huenda asirudi.

Enid akapiga simu Mamlaka. Aliusikiliza muziki wao wa kungojeshea watu, akausikiliza tena, mwishowe akampata Bwana Lovelock mwenyewe, ambaye alimkumbuka vizuri sana. Enid akamwomba kitu kidogo: kama basi haliwezekani, basi hiyo treni iwe inarudi, hata kama ni siku chache tu kwa wiki. Bwana Lovelock akasikitika kweli. Alimweleza kwamba kwenda kunaonyesha mahitaji makubwa, lakini kurudi hakujaonyesha mahitaji yoyote. Miaka yote ya takwimu zake, hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kupanda treni ya kurudi bondeni.

"Hakuna treni ya kurudi, bwana."

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo unaona ugumu wetu."

Enid akaweka simu chini taratibu. Usiku ule hakumwombea Bwana Lovelock, na kesho yake akatubu kwa hilo, akamwombea kwa kifupi.

Halafu akafanya lililobaki. Nyumba ya kupanga aliyoingia akiwa bi harusi, na jeneza la mumewe likatolewa humo, aliirudisha kwa wenye nyumba. Kuku akampa mchungaji. Huko Marrowby alipata chumba juu ya duka la mikate, hatua chache kutoka kwa Nora. Chumba kilikuwa na dirisha la kutazama ukuta, na kanisa lililokuwa jirani lilikuwa la Kianglikana, lakini alijiambia kwamba Mungu huko nako hufika.

Jumamosi ya kuhama Clifford alimbebea sanduku mpaka stesheni. Jukwaani walimkuta Bwana Lovelock na mpiga picha, kwani Mamlaka ilikuwa inatayarisha gazeti lake kuhusu ufufuo wa reli za vijijini. Alimfurahia Enid kama shangazi yake, akamuuliza kama leo ni matembezi tu.

"Nahama, bwana. Treni yako hairudi, basi hata mimi sirudi."

Bwana Lovelock akatikisa kichwa kwa kuguswa. Kisha akamwomba Clifford ashushe sanduku kidogo, kwa sababu lilikuwa linaziba jina la stesheni. Clifford akafungua kinywa, Enid akamtazama, akakifunga. Akashusha sanduku. Picha ikapigwa.

Alifika kwa Nora wakati wa chakula cha mchana. Supu ilikuwa mezani, imeanza kuganda juu. Muuguzi akampisha kiti. Enid akavua kofia, akaketi, akachota. Nora alimtazama muda mrefu, kama mtu anayeangalia mlango aliousikia ukigongwa zamani. Kijiko cha kwanza alikikataa. Cha pili akakipokea. Alikula nusu bakuli tu, akachoka, akalala palepale kitini. Enid hakuvaa kofia yake. Alikaa mpaka dada yake akaamka, akamlisha na cha jioni.