Kura Moja ya Ambrosyo

Mjini Bugnayan hilo halikuwa siri: kinyozi Eleuterio Dacuyan, Teryo kwa wengi, hakuwapigia kura akina Quintal, na akina Quintal hawakunyolewa na mtu mwingine. Babu alikuwa meya, akanyolewa na Teryo. Baba akawa meya, akanyolewa na Teryo. Florisa, binti mdogo wa ukoo huo, akibembeza miguu kwenye benchi, aliutazama wembe ukipita kooni mwa baba yake akashangaa.

"Baba, huyu si anatupinga?" aliuliza walipotoka.

"Anatupinga mchana kweupe. Wa kumwogopa ni yule anayenikumbatia."

Jibu halikumtosha. Alikwenda nalo chuoni Manila, akarudi nalo alipoitwa kurithi kiti, maana vipindi vya baba vilikwisha na kaka yake alipenda kupiganisha majogoo kuliko mikutano. Alianzia udiwani, kisha akagombea umeya. Alipita nyumba kwa nyumba na kandambili zake, akila kila alichokaribishwa. Kwa Teryo alipewa kahawa ya mchele wa kukaanga.

"Mwanangu, kukupenda nakupenda. Kura ndiyo sina."

"Nimekukosea nini, Babu Teryo?"

"Hujanikosea. Kunywa, inapoa."

Akashinda. Akashinda tena. Mara ya tatu hakujitokeza mshindani. Wapambe wakachoma nguruwe hata kabla ya siku ya kura. Siku hiyo Teryo, ambaye hakuwahi kukosa kituoni hata akiugua, hakuonekana. Florisa akawaacha wapambe na nguruwe wao, akaenda. Alimkuta mzee amekaa peke yake kwenye kiti cha wateja.

"Unaumwa, Babu?"

"Siumwi. Nimekosa wa kumpigia."

"Basi leo utaniambia. Siondoki."

Mzee alikunja taulo, akalikunjua.

"Nina ndugu, Ambrosyo. Hatajwi hapa. Aligombea umeya dhidi ya babu yako. Nyumba nzima tulimwapia: mama, shangazi, binamu, mimi. Zikahesabiwa, akapata kura moja. Moja, Florisa! Ya kwake mwenyewe. Watu wa babu yako walibeba bunduki siku zile, na sisi tulibeba woga. Akapanda meli ya kwenda kisiwa cha Mindanao, hajarudi. Nikajiapiza: atakayesimama mbele yenu hatalala na kura moja tena."

Florisa alikuwa amewaza mengi miaka yote, ugomvi wa shamba, hata mwanamke. Hili hakuliwaza.

"Yu hai?"

"Hutuma picha za wajukuu kila Krismasi. Sijamjibu. Nitamwambia nini?"

"Twende ukamwambie hilohilo."

Wiki ile ile wakavuka. Ambrosyo walimkuta akiuza matunda mbele ya nyumba yake, kibogoyo, mwenye kicheko cha karibu. Teryo alimshika mikono akaangua kilio.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nikusamehe nini? Si wewe peke yako uliyenipa kura?"

"Mimi? Ile si uliipiga mwenyewe?"

"Thubutu! Kalamu ninayo, mlinzi wa mzee Quintal kanikodolea macho mlangoni. Mkono ukaandika jina la mzee! Nilikimbia aibu, kaka. Ningewatazamaje watu niliowaomba kura niliyojinyima? Nikajifariji kwamba Teryo hakunitupa."

Wazee wakatazamana, kisha wakacheka mpaka wakashikana mabega. Florisa hakucheka.

"Sasa ile kura ni ya nani?"

Wakawapitia marehemu mmoja mmoja. Mama? Aliogopa kuliko wote. Shangazi? Hakujua kuandika. Walipochoka, Teryo akampigia simu mkewe, Sabel, kumweleza maajabu hayo.

"Ni yangu," Sabel akasema.

"Yako! Na umenyamaza miaka yote hii?"

"Uliniuliza? Unahesabu mama, unahesabu shangazi, mke mgeni nani alimkumbuka? Ambrosyo aliahidi bomba la maji. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda kilima na ndoo, si nyinyi."

Florisa akasogeza sikio. "Hukuogopa, Bibi?"

"Niogope nini, na shingo imeshapinda kwa ndoo? Baba yako alipoleta bomba nikahamia kwenu. Hata juzi nimekupigia kura. Usimwambie mume wangu."

"Nakusikia!" Teryo akafoka.

Kipindi cha tatu kilipokwisha, Florisa aligombea ugavana dhidi ya ukoo mkubwa kuliko wao, wenye redio na mabasi. Alibwagwa vibaya. Asubuhi ya matokeo wapambe walikuwa wametoweka, naye akatembea peke yake hadi kwa kinyozi.

"Pole, mwanangu," Teryo akasema. "Safari hii nilikupa."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyekuwa mnyonge."

Florisa aliketi kwenye benchi, machozi yakimlengalenga. Hakutegemea kufurahi siku ile. Akamgeukia Sabel, aliyekuwa akimimina kahawa.

"Na wewe, Bibi?"

"Mwenzako kaahidi barabara," Sabel akajibu, akimsogezea kikombe. "Nitakuwa nikimwuliza iko wapi."